Wajomba, Kikao Kisubiri

Hotuba ya muuguzi mstaafu kwa wanachama wa chama cha msingi cha ushirika, wilayani Newala, mkoani Mtwara, katika Siku 16 za Kupinga Ukatili wa Kijinsia

Shikamooni wazee wangu. Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Wadogo zangu, habari za shamba?

Mwenyekiti wa AMCOS, chama chetu cha msingi, mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu, makungwi wa unyago na manyakanga wa jando mliokaa pale kivulini, na ninyi wakulima wenzangu. Nimepewa nafasi kabla karani hajasoma bei ya mnada wa korosho. Najua bei ndiyo iliyowatoa nyumbani asubuhi hii, na mimi nina kilo zangu ghalani kama ninyi. Nilimwomba mwenyekiti nizungumze kwanza kwa sababu jambo nililo nalo halisubiri mnada ujao.

Nimefanya kazi ya uuguzi na ukunga miaka 31. Wapo hapa niliowapokea siku waliyozaliwa, na wapo ambao nimewazalishia wajukuu. Leo nataka kusema juu ya watoto wanaobakwa na kulawitiwa katika vijiji vyetu, na nitayataja mambo kwa majina yake. Wazee mnisamehe. Tumezoea kusema "amechezewa", "ameharibiwa", "kafanyiwa mchezo mbaya". Nami nimeyaandika maneno hayo kwenye madaftari ya wodi miaka mingi, mpaka nilipotambua kwamba kila tunapolilainisha neno, anayepumua ni aliyefanya. Kubaka ni kubaka.

Niwasimulie siku tano. Kijiji sitakitaja, wala mwaka, wala hospitali niliyokuwa nafanya kazi wakati ule.

Msichana wa darasa la sita alikwenda kuteka maji Ijumaa, jua linazama. Huku juu ya uwanda wa Makonde hakuna haja ya kuwaeleza habari za maji. Mnajua mtoto anatembea umbali gani na ndoo, na anarudi saa ngapi. Siku ile alirudi na ndoo tupu. Usiku uleule alimweleza mama yake, akamtaja na mtu aliyembaka. Naomba mlishike hilo: mtoto alisema. Mara nyingi tunawalaumu watoto kwamba wanaficha. Huyu hakuficha hata usiku mmoja.

Jumamosi asubuhi mama alifanya kama alivyolelewa, akampigia simu kaka yake aliyekuwa Nanyumbu. Mjomba akasema, "Msifanye lolote. Msimwambie mtu. Nakuja." Jumapili akafika. Jumatatu wakakaa. Upande wa pili ulileta wazee wake, watu wazima wenye heshima zao, wakavua kofia, wakaomba radhi. Jumatatu hiyo magharibi ilipoingia, saa 72 zilikuwa zimetimia, na pale mkekani hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua kwamba kuna saa zilizokuwa zinahesabiwa. Jumanne wakaafikiana fedha: nusu papo hapo, nusu baada ya mnada wa pili. Jumatano mtoto akashikwa na homa kali, ndipo wakamleta. Mimi ndiye niliyekuwa zamu.

Mjomba aliniuliza, "Sista, mtoto atapona?" Aliuliza kwa uchungu. Alimpenda yule mtoto, nilimwona. Nikamjibu kwamba homa tutaitibu. Lakini dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI sikuweza kumpa tena, muda wake ulikuwa umepita tangu Jumatatu, wao wakiwa kwenye kikao.

Sikuleta habari hii ili nimtukane mjomba yule. Sisi huku tunahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto akiugua, akitaka kuolewa, akikosana na watu, anaitwa mjomba. Yule bwana aliitwa, akaitika, akasafiri, akatumia mamlaka yote aliyopewa na ukoo wake, na mamlaka hayohayo yakamfungia mtoto mlango wa hospitali. Basi maneno yangu ya leo ninayaelekeza kwenu, wajomba. Kikao cha ukoo kina nafasi yake. Ila mtoto aende hospitali kwanza, kikao kisubiri.

Nieleze hizo saa 72, maana ukiijua sababu huwezi tena kuzipuuza. Virusi vikiingia mwilini havienei kote mara moja. Kuna muda mfupi ambao dawa inaweza kuviwahi kabla havijajijengea makao. Dawa hiyo inamezwa kila siku kwa siku 28, na ni lazima ianze ndani ya saa 72. Ikianza saa ya 2 ni bora kuliko saa ya 20, na saa ya 20 ni bora kuliko ya 70. Ipo dawa nyingine ya kuzuia mimba isitunge, nayo mwisho wake ni siku 5, na kila siku inayopita nguvu yake inapungua. Zipo za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini. Kama mtoto ameumia, anashonwa. Hayo yote hayafanyiki mkekani.

Kina mama, hili ni lenu. Najua mkono wa mama unakimbilia maji. Mtoto kaja amechafuka, analia, unataka umwogeshe, umbadilishe, uzifue zile nguo, maana hata kuzitazama huwezi. Jizuie. Usimwogeshe kabla hajaonwa na daktari. Nguo zile usizifue. Zifunge kwenye khanga safi au karatasi. Usizitie kwenye mfuko wa nailoni, zitavunda humo na ushahidi utapotea. Ukishindwa, yaani kama umeshamwogesha, bado mlete. Nimeona kina mama waliokaa nyumbani kwa sababu walisikia kwamba mtoto akishaoga basi hakuna tena la kufanya. Lipo.

Sasa nikiri kosa langu, kwa sababu siwezi kuwasema wajomba nikajiacha. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alikuja mama na mtoto wake usiku, nikamwambia, "Mama, nenda polisi kwanza ukachukue PF3, ndipo tumhudumie." Kituo kilikuwa mbali. Hakurudi. Sikumwona tena yule mama wala mtoto, na mpaka leo usiku wa mvua huwa namkumbuka. Fomu ya polisi namba 3 ni muhimu, ndiyo inayobeba maneno ya daktari mpaka mahakamani, lakini dawa haingoji karatasi. Kama hospitali iko karibu kuliko polisi, anzia hospitali, mwambie mhudumu waziwazi kilichotokea, PF3 itafuatwa mtoto akiwa tayari amemeza kidonge cha kwanza. Na mhudumu akikurudisha kama mimi nilivyomrudisha yule mama, usiondoke. Keti palepale. Mwulize mganga mkuu yuko wapi.

Turudi kwenye kikao. Wajomba wengi hawajui kwamba kesi ya kubaka si mali ya ukoo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima aliyebaka akitiwa hatiani adhabu yake haipungui miaka 30 jela. Na kama mtoto ana umri chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Mahakamani kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Haiitwi mjomba dhidi ya fulani. Kwa hiyo mkikaa mkapokea fedha mkasema "tumesamehe", mmesamehe kitu ambacho hakikuwa mikononi mwenu. Baraza la kata nalo halina mamlaka ya kusikiliza kosa hili. Linakwenda mahakama ya wilaya. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye habari kwamba mtoto anavunjiwa haki yake aitoe kwa serikali ya mtaa au ya kijiji. Yeyote. Jirani, mwalimu, mwenye duka, dereva wa bodaboda aliyewabeba.

Wakati mwingine mnaniambia, "Sista, lakini binti alikubali, walikuwa wanaonana." Binti wa miaka 14 hana uwezo wa kukubali mbele ya sheria. Mwanafunzi naye ana ulinzi wake. Tangu mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari, au anayemwoa, anakabiliwa na miaka 30. Wengine mnasema, "Daktari hakuona jeraha." Sheria haidai jeraha. Inatamka kwamba si lazima ionekane alama ya kupigana ili kosa lithibitike, maana mtoto aliyeganda kwa hofu hapigani. Na wapo wanaosema, "Ni neno la mtoto tu, nani atamwamini?" Mahakama. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama imtie mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Hakimu anaruhusiwa kumwamini mtoto, na sisi tuliomlea tunamwambia anyamaze!

Hapo kwenye kunyamaza ndipo ninapotaka kukaa kidogo, na hapo nawageukia makungwi.

Mimi ni mtoto wa kungwi. Nimechezwa unyago, na nimecheza wengine. Siri za ndani sitazitoa hapa, msiwe na wasiwasi. Nitataja lile ambalo hata mwanamume asiyeingia analijua: kwamba mwali anapotoka anaapishwa kutunza siri. Ya unyagoni hayatoki nje. Tunalifunza hilo kwa ngoma, kwa nyimbo, na zamani hata kwa fimbo, na mtoto analishika maisha yake yote. Siku moja wodini nilimwuliza msichana mdogo kwa nini hakumwambia mama yake kwa miezi mitatu. Akasema yule mtu alimwambia, "Wewe umeshachezwa, hii ni siri." Jamani. Aliliokota neno letu sisi, tulilompa yule mtoto kwa heshima na vigelegele, akalifanya kufuli.

Tangu siku ile nikicheza mwali ninamfundisha siri mbili. Ipo siri ya heshima, ile ya kwetu, unaitunza. Na ipo siri ya mtu aliyekugusa pasipo ridhaa yako, hiyo si siri yako, ni mzigo wa mtu mwingine kaja kuutua kwako. Ulete kwangu usiku huohuo. Makungwi wenzangu, hilo linaingia kwenye wimbo bila kuharibu ngoma. Mimi nimeliingiza.

Na tuna kitu ambacho watu wa mjini wanahangaika kukijenga kwa semina. Tuna somo. Kila msichana wa hapa anaye somo wake, mwanamke mzima anayemwita kwa jina hilo mpaka uzeeni, anayeweza kumweleza yale asiyoweza kumweleza mama. Binti akibakwa na mume wa mama yake, ataanzia wapi? Ataanzia kwa somo, kama somo yuko tayari. Kwa hiyo kila somo aliyeko hapa ajue namba 116. Ni ya simu kwa mtoto, haina malipo, ukipiga utasikilizwa na kuelekezwa. Na ajue kwamba polisi pana Dawati la Jinsia na Watoto, lililowekwa ili mtoto asielezee habari yake mbele ya watu waliokuja kuripoti wizi wa baiskeli.

Umri je? Tunawacheza watoto wa miaka 8 na 9. Tunawafundisha mambo ya kumtunza mume, halafu wanarudi darasa la tatu. Nasema haya nikiwa ndani, si mgeni. Bibi zangu walichezwa walipovunja ungo, na kule kuvunja ungo kulikuja wakiwa wakubwa kuliko hivi. Sisi tumeurudisha umri nyuma ili tuwahi likizo, au tuunganishe watoto wengi gharama ipungue. Hiyo si mila, ni hesabu ya pilau. Na msiseme mila haibadiliki. Palepale Masasi, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ile tangu mwaka 1926, alikaa na mapadri wa kwetu na wazee, wakayatengeneza upya jando na unyago kwa Wakristo wao, wakaondoa waliyoona hayafai na kubakiza yaliyofaa. Wengine walinung'unika, lakini jando halikufa. Kama babu zetu waliweza kukaa wakaamua, sisi tunashindwa nini kusema kwamba mtoto wa miaka 8 angoje?

Manyakanga, sijawasahau. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima juu ya ukatili kwa watoto, waliulizwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Matokeo yalipotoka mwaka 2011 yalionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hilo wengi waliliongea. Lililopita kimyakimya ni kwamba kwa wavulana ilikuwa karibu 1 kati ya 7. Mhesabu wavulana mliowaingiza jandoni mara ya mwisho. Mvulana aliyelawitiwa anakuja hospitali kwa nadra sana, na akija anasema ana vidonda vya tumbo, au kaanguka mtini. Anaogopa kuulizwa, "Wewe ni mwanamume gani?" Tumemfundisha jandoni kwamba mwanamume halii. Nilimtibu mmoja aliyekaa kitandani kwangu siku nne bila kusema neno. Siku ya tano alimwambia mpishi wa wodi, mzee mmoja mpole, kwa sababu mzee yule alimuuliza tu kama amekula, kisha akakaa. Saa 72 ni zake pia. Dawa ni zake pia. Sheria inamlinda kama inavyomlinda dada yake. Naomba jandoni lisemwe hilo, kwa sauti ileile mnayosemea mengine.

Kwa nini nayasema haya msimu wa korosho? Siku 16 hizi zinaanza tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba, dunia nzima, na kwetu zinaangukia katikati ya msimu. Tunalala kwenye vibanda mashambani kulinda korosho zisiibwe, watoto tumewaacha nyumbani na ndugu yao wa miaka 12. Wageni wamejaa, wa ghalani, wa magari, wa kangomba wanaonunua korosho nje ya chama. Fedha ipo, ngoma za vigodoro zinapigwa mpaka alfajiri. Msichana anatumwa na beseni la maandazi kwenye foleni ya magari saa 2 usiku. Korosho tunailinda kwa rungu na tochi. Nawauliza ninyi wazazi, na najiuliza mimi bibi: ghala lina mlinzi, nyumba ina nani? Majirani watatu mkipeana zamu, mmoja akalala kijijini na watoto wa nyumba zote tatu, na awe mtu ambaye watoto wenyewe wamesema hawamwogopi, hilo halihitaji mradi wala mfadhili.

Mtoto akija kwako, maneno ni machache. "Nakuamini. Si kosa lako. Twende." Usimuulize alivaa nini. Usimuulize kwa nini alipita njia ile; alipita kwa sababu ulimtuma maji. Usimlazimishe arudie habari kwa shangazi, kwa jirani, kwa shehe, kwa padri. Aisimulie kwa mhudumu na kwa polisi wa dawati, inatosha. Na akibeba mimba, tangu Novemba 2021 shule inampokea akishajifungua. Mwalimu mkuu yupo hapa, mmuulize.

Nimalizie kwa ombi langu kwa chama, na hili ndilo nililomwomba mwenyekiti aliingize kwenye ajenda. Kesi nyingi nilizoziona zikifa, hazikufa kwa sababu mtoto alidanganya. Zilikufa kwa nauli. Usiku hapakuwa na fedha ya bodaboda ya kumfikisha mtoto hospitali. Baadaye shahidi aliitwa mahakamani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara kesi inaahirishwa, mara ya nne hakwenda, hana nauli. Upande wa pili nao unazo, na unangoja. Nusu ile ya baada ya mnada wa pili ndiyo inayokuja kununua ukimya wa mama aliyechoka.

Najua neno makato linavyowachoma. Kila msimu tunakatwa hiki na kile, na mengine hatuoni yalikokwenda. Lakini naomba shilingi 1. Shilingi 1 kwa kila kilo. Chama kikikusanya tani 400, hizo ni shilingi 400,000. Zikae peke yake, zisichanganywe na kitu kingine chochote. Ziwe za bodaboda ya usiku, chakula cha mama siku mbili wodini, na nauli ya shahidi kwenda mahakamani hadi hukumu. Wazishike watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, mtakaowachagua wenyewe. Mwisho wa msimu wasome hesabu hapa mbele yenu, safari ngapi, shilingi ngapi, lakini jina la mtoto lisiandikwe kwenye daftari wala lisitamkwe kwenye mkutano. Safari namba 1, safari namba 2, basi.

Na wajomba, ninyi ninawaomba kitu kimoja zaidi, hakina makato. Siku utakayopigiwa simu na dada yako analia, usiseme "nakuja, msifanye lolote". Sema, "Mpeleke hospitali sasa hivi, nitawakuta huko."

Mwenyekiti, nimetumia muda wangu. Ajenda ya shilingi 1 iko mezani, naomba iamuliwe kwa mikono kabla bei haijasomwa. Karani, andika na idadi ya mikono ya wanaokataa.